Blanketi Lilipokunjwa Mfumbati

Sakitu ilikuwa imerudi Mfumbati baada ya miaka tisa, na aliyeirudisha alikuwa Yusta Mbwilo.

Alikuwa daktari wa mifugo wa kata, mzaliwa wa humo humo bondeni, huku juu Makete. Asubuhi hiyo, ya tano tangu blanketi likunjwe, alipita kwenye vijia vya mashamba akiwa amejifunga shuka juu ya koti. Ile barafu nyembamba ya alfajiri ilikuwa imelalia majani ya viazi pande zote. Jua likipanda yangegeuka meusi na kunyauka, na hakukuwa na mtu bondeni asiyejua nani wa kulaumiwa.

"Kamwene, Daktari," mama mmoja alimsalimia kutoka kwenye uzio wake, na kabla Yusta hajaitikia akaongeza, "Karibu uvune mwenyewe sasa."

Yusta alimeza maneno. Kwa siku zote hizo alikuwa anameza tu. Alichokuwa anakihitaji ni mbu waliokufa. Akiwapata hao angeweza kusimama mbele ya mtu yeyote mwenye shamba jeusi na kumwambia kwamba viazi vyake havikwenda bure.

Mtego wake mkubwa wa taa ulikuwa kwenye upenu wa nyumba ya mwenyekiti wa kijiji, Obadia Chaula. Mbwa wa mwenyekiti, ambaye alipewa jina la Hayakuhusu kwa ajili ya jirani fulani, hakuwepo mlangoni kumbwekea kama kawaida yake. Yusta hakulitilia maanani. Alishusha mfuko mweupe wa mtego, akautegea sikio. Mle ndani kulikuwa na mlio.

Mbu walikuwa hai.

Alitoa hadubini yake ya mfukoni, kifaa kisichozidi ukubwa wa tochi, akamwingiza mbu mmoja na kusubiri picha itulie. Minyoo ya moyo haina haraka. Mbu akimnyonya mbwa mgonjwa, watoto wa minyoo humwingia tumboni, na humo hukua kwa joto la hewa, siku hadi siku, kama unga uliotiwa hamira. Usiku ukishuka chini ya nyuzi kumi na nne wanalala. Wakilala sana, mbu hufa kwa uzee kabla wao hawajakomaa. Joto likidumu wanakomaa, wanahamia kichwani kwa mbu, na hapo wanangoja mbwa mwingine wa kuumwa.

Hawa wa mwenyekiti walikuwa wameshahamia kichwani.

"Haiwezekani," Yusta alisema kwa sauti, peke yake, uani kwa watu. Akampima wa pili, akampima wa tatu. Alitamani kukibamiza kile kifaa ukutani.

Zamani Mfumbati haikuujua ugonjwa huu, kwa sababu sakitu ilikuwa dawa ya mbwa wa huku, dawa ya bure ambayo hakuna aliyejua kuwa ni dawa mpaka ilipoondolewa. Na iliondolewa kwa nia njema, jambo lililomuudhi Yusta kuliko yote, maana hata mtu wa kumchukia hakuwa naye. Kituo kilijengwa kilimani. Kila jioni maputo yake yalipanda na kumwaga ukungu mwembamba uliotanda kutoka mlima hadi mlima, ukazuia joto la ardhi lisitorokee angani. Watu wakaliita blanketi. Wakaanza kuvuna viazi mwezi wa saba, kitu ambacho babu zao hawakukiota. Mbu wakanogewa na joto, wakahamia. Miaka michache baadaye mbwa wakaanza kukohoa.

Na mbwa wa Mfumbati si mapambo. Ndio wanaosimama kati ya mashamba na nguruwe pori. Msimu uliopita, mbwa wa ng'ambo ya mto walipokwisha, nguruwe walikula viazi mpaka wakaingia uani, wakamrarua paja mzee wa watu aliyetoka na rungu. Vidonge vya kila mwezi minyoo ilishavizoea. Sindano mpya zilisemekana zingefika mwezi wa nane. Kwa hiyo Yusta alisimama mkutanoni akaomba jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliomba: blanketi likunjwe kwa usiku kumi. Baridi iwaue mbu, minyoo iliyomo ndani ya mbwa wagonjwa ikose usafiri, sindano zikifika zimalizie.

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa shangazi yake, Edina, ambaye shamba lake la viazi lilikuwa kubwa kuliko yote upande ule. Wengine wakaona haya, wakanyoosha.

Sasa viazi vilikuwa vimekufa na mbu walikuwa wanaimba.

*

Alipanda kilimani kwa hasira hata hakusikia mwinuko. Mhandisi wa kituo, Gervas Tweve, alikuwa amekaa mlangoni na kikombe cha chai, koti limefungwa mpaka kidevuni.

"Gervas, usiku umetandika."

"Nimetandika nini?"

"Blanketi. Hata kama ni jepesi, umetandika. Kuna mkubwa kakuomba umwokolee parachichi zake, sema tu."

Gervas aliweka kikombe chini taratibu. "Yusta, tumesoma wote, tumechapwa wote kwa kuchelewa kuhesabu namba shuleni. Leo unaniita mwongo mlangoni kwangu kabla sijamaliza chai."

"Mbu wangu wako hai!"

"Kwa hiyo nimewafuga mimi?"

Alimwingiza ndani akamwonyesha kioo cha vipimo. Vipimajoto vilivyosimikwa bondeni vilikuwa vimechora mstari ulioanguka tangu jua lilipozama, ukapita sifuri na kubaki huko mpaka alfajiri, usiku wa kwanza, wa pili, wote. Kisha akampeleka bandani kwenye maputo. Yalikuwa yamelala yamekunjwa, makavu, na vumbi limeanza kuyakaa. Yusta aliyagusa moja moja kama asiyeamini macho yake.

"Umeridhika?"

"Hapana."

"Basi nisikilize na mimi." Gervas alishusha sauti ingawa hawakuwa na mtu wa kuwasikia. "Wakubwa wananipigia simu asubuhi, mchana, jioni. Wanataka kujua lini. Nimewaambia tuna ruhusa ya usiku kumi na hautaongezwa hata mmoja mwaka huu. Lakini kama kazi yako imegoma, sema tu imekamilika. Jioni hii natandika. Viazi vya chini kabisa, kule kwenye mkondo, havijaungua bado. Watu watapata hata chakula. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe unajua mengi, na ona yalikotufikisha."

Neno lile lilimchoma kwa sababu halikuwa la uongo. Alikaa kwenye kigoda, akaweka mfuko wa mtego mezani, akashika kichwa. Wazo la kusema imekamilika lilipita mbele yake likiwa limepambwa vizuri. Angeshuka kilimani akiwa amewaletea watu habari njema kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima. Mbwa wangeendelea kufa polepole, mmoja mmoja, na kufa polepole hakuna anayekuitia mkutano.

"Na huu uchafu umeutoa wapi?" Gervas aliuliza. Alikuwa ameuvuta mfuko na kidole chake kilikuwa cheusi.

"Uchafu gani?"

Kitambaa cheupe cha mtego kilikuwa na michirizi myembamba myeusi kwa ndani, mahali mbu walipokuwa wakitua. Yusta alimrudisha mbu mmoja kwenye hadubini. Safari hii hakuangalia kichwa wala tumbo, aliangalia miguu. Ilikuwa myeusi, yote sita, kama imechovywa.

Nje, usiku, kwenye sakitu, hakuna kitu cheusi cha namna ile. Alikisugua kile cheusi kati ya vidole akakinusa.

"Masizi," alisema. Halafu akakumbuka mlango wa Obadia usio na mbwa. "Gervas, wako jikoni."

*

Mafiga ya Shangazi Edina hayakuwahi kupoa. Ndivyo majiko ya Mfumbati yalivyo: nyumba ndogo peke yake uani, moto katikati, usiku unafukiwa kwa majivu, asubuhi unapulizwa. Mzazi aliyejifungua hulazwa kando ya mafiga. Mwenye homa hulazwa kando ya mafiga. Ndama aliyezaliwa wakati wa mvua huletwa humo humo akalambwa na moshi mpaka asimame. Yusta mwenyewe aliugulia hapo surua akiwa mtoto. Alijua hayo yote kama anavyojua jina lake, na hakuwahi kuyafikiria hata mara moja alipokuwa akipanga vita yake na mbu.

"Hodi, Shangazi."

"Karibu, mwanangu. Funga mlango, tutaganda kwa hiyo baridi yako."

Ndani kulikuwa na joto zuri, la kumfanya mtu asinzie. Mtachoka, mbwa wa Shangazi, alikuwa amelala juu ya gunia karibu na moto, mbavu zinapanda na kushuka kwa shida, tumbo limejaa maji ya ugonjwa. Ubavuni kwake walikuwa wamejikunja mbwa wengine wawili wa jirani ambaye jiko lake ni dogo. Yusta hakuwaangalia sana. Aliwasha tochi akaielekeza darini, kwenye mahindi ya mbegu yaliyotundikwa na miti iliyopakwa masizi ya miaka.

Mbu walikuwa wametulia huko kwa wingi, wameshiba.

"Tangu lini mbwa wanalala jikoni, Shangazi?"

"Tangu ulipoleta baridi. Si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema nini?"

"Mkutanoni, mwisho mwisho. Ulisema, 'Watunzeni mbwa wenu, baridi itakuwa kali.' Tukawatunza. Nimepita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha wale wazembe." Alisema hivyo kwa fahari kidogo, kama mtu aliyetumwa akafika.

Yusta alikaa chini bila kukaribishwa. Alikuwa amesema kweli. Siku ile alizungumza nyuzi, akazungumza mate ya mbu, akachora mpaka chaki ikamwishia, na watu walimtolea macho tu. Mwisho, kwa kuwa aliona haya kumaliza kikavu, akatupa lile neno la upole. Katika hotuba yake yote, hilo peke yake ndilo walilolielewa.

"Shangazi," alisema. "Tumewafungia chumba kimoja. Mgonjwa, mbu na joto. Mbu wa nje walipoona baridi wakalifuata joto lenu. Wanamuuma Mtachoka, wanashiba minyoo, wanapanda darini, minyoo inakomaa kama vile ni joto la mwezi wa kwanza. Halafu wanashuka wanawauma hawa wawili wa jirani. Wenye njaa zaidi wanatoka mlangoni, wananaswa kwenye mitego yangu. Ni hivi nyumba zote."

Shangazi Edina alikuwa akimenya viazi, vile vidogo alivyowahi kuvichimbua kabla sakitu haijavifikia. Kisu kilisimama.

"Yaani viazi vyangu vimekufa bure."

"Mpaka leo, ndiyo."

"Na la kufanya?"

"Kuzima moto. Majiko yote, jioni hii, na milango iachwe wazi mpaka zile siku zilizobaki ziishe. Watu walale nyumba kubwa na nguo nzito. Jiko lipoe kabisa, mbu wafie humo humo darini." Alivuta pumzi. "Na mbwa watoke."

"Mtachoka atoke?"

Mbwa alisikia jina lake akapiga mkia mara moja, akakohoa.

"Huyu ukimtoa kwenye joto hamalizi usiku, Yusta. Hata mimi ambaye sikusoma naona."

"Najua."

"Unajua." Shangazi alirudia neno hilo bila ukali, na Yusta aliona heri angemfokea. "Viazi nilikupa. Nilinyoosha mkono watu wote wananiangalia, sikukuuliza mara mbili. Huyu alimfukuza nguruwe kwenye shamba hilo tangu mume wangu yu hai. Na yeye unamtaka?"

Yusta alitafuta neno lisiloumiza akalikosa. Hasira ilimpanda, lakini haikuwa na mahali pa kutua. Haikuwa ya Shangazi wala ya Gervas wala ya mbu. Ilikuwa ya mtu aliyechora na kuchora ubaoni, akasahau kuuliza mbwa wanalala wapi.

"Namtaka," alisema.

Shangazi Edina akaendelea kumenya viazi.

*

Kengele ya shule iligongwa alasiri, na watu walikuja wakiwa tayari wamenuna. Yusta hakuleta ubao. Alisema kilichotokea kwa maneno machache, akasema kosa ni lake, kwamba aliwaambia wawatunze mbwa na hakuwaambia wapi. Kisha akasema kinachotakiwa.

Kelele zilizolipuka zingeweza kusikika kilimani.

"Juzi ulituzimia juu, leo unatuzimia chini!" Obadia Chaula aliipaza sauti yake ya mkutano. "Kesho utasema tuzime nini? Pumzi?"

Watu walicheka, kicheko cha kuudhika.

"Moto wangu niliupokea kwa mama mkwe," mama mmoja alisema. "Nikiuzima nitamwambia nini?"

"Na mbwa wagonjwa je?" kijana mmoja aliuliza. Alikuwa amempakata mbwa wake kifuani, amemfunika na sweta. "Ulisema unataka kuwaokoa. Sasa unataka tuwatupe nje wagande. Huko ni kuokoa gani?"

"Wagonjwa wengine watakufa," Yusta alisema. "Sitawadanganya. Wakibaki jikoni watakufa pia, mwezi ujao au unaofuata, na watakuwa wamewaambukiza wazima. Nachagua wazima. Nalichukia hilo neno lakini ndilo nililo nalo."

"Unachagua wewe! Mbwa ni wetu!"

"Mimi napata faida gani?" alifoka ghafla, sauti ikampasuka mbele ya watu wote. "Nina jiko la gesi na sina mbwa! Mngeniacha nikae ofisini kwangu nipige muhuri vyeti vya ng'ombe! Siku tano viazi vimeungua, na siku tano mmewawekea mbu blanketi jikoni! Mnataka visiwe bure au mnataka viwe bure?"

Hilo halikumsaidia. Nyuso zilijikunja. Na hapo Shangazi Edina alisimama, akajitanda kitenge chake, akampa kila mtu kisogo na kuondoka uwanjani. Watu walimpisha. Yusta alimwangalia akipotea nyuma ya miti ya miwati, na kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze alitaka kulia.

"Basi," Obadia alisema, "kila nyumba ifanye inavyoona."

Hivyo ndivyo Obadia anavyokataa mambo. Hajawahi kutamka hapana kwa kinywa chake.

Simu ya Gervas ilimkuta njiani. Jua lilikuwa limegusa mlima na baridi ilishaanza kuuma masikio.

"Maputo yako tayari," alisema. "Nitandike?"

"Usitandike."

"Wamekubali kuzima?"

"Sijui."

"Yusta, mkondoni bado kuna viazi vya kijani. Kesho havitakuwepo. Unataka niviue kwa ajili ya sijui?"

Alisimama. Kutoka pale alipokuwa aliyaona majiko ya upande wa juu, na kila paa lilikuwa linafuka moshi kama jioni yoyote ile.

"Ndiyo," alisema, na akakata simu kabla hajabadilisha mawazo.

*

Hakulala vizuri. Kulipoanza kupambazuka alivaa koti akaenda kwa shangazi yake, kumwomba radhi au kugombana naye, hakujua ni lipi. Njiani alipita mkondoni. Viazi vya kijani vilikuwa vyeupe.

Uani kwa Shangazi Edina hakukuwa na moshi. Mlango wa jiko ulikuwa wazi wote, umezuiliwa kwa jiwe.

"Karibu, mwanangu," sauti ilisema kutoka ndani. "Usifunge mlango."

Mafiga yalikuwa yamemwagiwa maji, majivu yameganda. Shangazi Edina alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, amejifunika blanketi zito la harusi yake, lile ambalo halitoki sandukuni. Kichwa cha Mtachoka kilikuwa kimejitokeza chini ya kidevu chake. Midomo ya Shangazi ilikuwa imekauka kwa baridi.

"Ulikaa naye hapa usiku kucha?"

"Ulisema jiko lipoe. Hukusema nisimkumbatie." Alimpapasa mbwa sikio. "Alikuwa na joto langu mpaka jogoo la kwanza. Sasa hivi ndiyo anapoa."

Yusta alipiga magoti. Aliweka mkono ubavuni kwa Mtachoka, mahali alipokuwa akiweka kifaa chake cha kusikilizia moyo kila mwezi, na machozi yakamtoka bila kumuaga. "Ni mimi, Shangazi. Ni mimi niliyemuua."

"Ni wewe," Shangazi alisema. "Na mimi. Tazama chini."

Alitazama. Juu ya majivu, juu ya gunia, juu ya kinu, mbu walikuwa wametapakaa kama makapi ya ngano. Aliokota kiganja kizima, akawapuliza, hakuna aliyetikisa bawa. Akamwingiza mmoja kwenye hadubini kwa vidole vilivyokufa ganzi. Watoto wa minyoo walikuwa wamejikunja tumboni kwa mbu, hawajafika popote. Usiku mmoja tu. Angefurahi kama angejua namna ya kufurahi mahali pale.

"Imefaa?"

"Imefaa. Hapa kwako imefaa."

"Na kwa wengine?"

Yusta alitoka mpaka kizingitini. Bonde lilikuwa limeamka. Majiko machache sana yalikuwa kimya. Mengine yote yalifuka, na moshi mzito kuliko wote ulikuwa kwa mwenyekiti.

"Wanawasha."

Shangazi Edina aliinuka kwa shida, akiushika ukuta. Alimlaza Mtachoka juu ya gunia lake, akakunja blanketi la harusi, akaliweka kando. Kisha akachukua kisu cha kumenyea viazi, akakitazama, akakirudisha.

"Wewe unacho kikali zaidi," alisema. "Mpasue."

"Shangazi, hapana."

"Michoro yako wameiona wakachoka nayo. Watu hawa hawajawahi kuona kinachowaua mbwa wao, wanasikia kikohozi tu. Mpasue, nimeshika miguu."

Yusta alikuwa amepasua mbwa wengi katika kazi yake. Alitoa kisu chake cha kazi, akaanza. Alipoufungua moyo, minyoo ilikuwa imeujaza, mirefu na myeupe, imefungamana kama tambi zilizopikwa zikapoa. Shangazi Edina aliinama akaangalia muda mrefu, bila kushika pua.

"Hii yote?"

"Hii yote."

"Na juzi juzi alimbwekea nguruwe na hii yote ndani." Alifuta macho kwa nyuma ya kiganja, mara moja, kama anayefukuza moshi ambao haukuwepo. Akachukua sufuria ndogo aliyokuwa akimwekea Mtachoka chakula, akamwachia Yusta autie moyo, akaifunika kwa kanga.

Nje, mwangaza ulikuwa umeanza kuyagusa mashamba meusi. Shangazi Edina alijifunga kitenge vizuri, akampa Yusta sufuria aibebe, akatangulia njia.

"Tunaanzia kwa Obadia," alisema. "Mimi ndiye nitakayepiga hodi."